Hesabu Kura Kwanza: Jinsi ya Kufuatilia Mvutano wa Kongresi na Rais wa Marekani

Jumamosi moja darasani, mzee mmoja kutoka Kalemie alinyoosha mkono akaniuliza swali ambalo sijaliweka chini mpaka leo. Tulikuwa tumefika kwenye lile swali la mtihani wa uraia linalouliza ni kitu gani kinachozuia tawi moja la serikali lisijipatie nguvu kupita kiasi. Jibu linalotakiwa ni fupi na wenzake walikuwa wameshalikariri: mgawanyo wa madaraka, mihimili kudhibitiana. Yeye akasema, "Mwalimu, jibu ninalo. Ninachouliza ni hiki: Rais ana jeshi, ana askari wa mpakani, ana hazina. Bunge lina karatasi. Karatasi inamzuiaje mwenye jeshi?"

Ninafundisha darasa hilo kwa kujitolea hapa Ohio, mwaka wa tisa sasa. Wanafunzi wangu ni watu wazima wanaozungumza Kiswahili na wanaojiandaa kwa usaili wa uraia. Siku ile nilimsomea mzee vifungu vya Katiba kimoja baada ya kingine. Alinisikiliza kwa heshima, akaandika kwenye daftari lake la hesabu, lakini usoni niliona wazi kwamba swali lake bado liko palepale. Nikarudi nyumbani nikaanza kuifuatilia migogoro yenyewe, tarehe kwa tarehe na kura kwa kura, hadi nikapata njia ya kumweleza. Ndiyo ninayoiandika hapa, kwa mtu yeyote anayesikia habari za Washington kwenye redio au simu na kushindwa kujua nani kamshika nani.

Njia yenyewe inasimama juu ya jambo moja. Karibu kila kizuizi kilichomo kwenye Katiba ya Marekani, ukikimenya, ndani unakuta idadi ya kura. Hakijifungi chenyewe. Kimelala pale kama kufuli lenye ufunguo wake, na anayeweza kukifunga ni yule aliyepata watu wa kutosha. Kwa hiyo habari inapotoka kwamba Kongresi (yaani Bunge la Marekani, lenye Baraza la Wawakilishi na Seneti) "imemkatalia" Rais au Rais "ameipuuza" Kongresi, acha maneno kwanza. Tafuta namba.

Namba tano za kubandika ukutani

Huwa naandika ubaoni kabla watu hawajamaliza kusalimiana: 218, 290, 51, 60, 67.

Baraza la Wawakilishi lina wabunge 435, kwa hiyo wingi wa kawaida, wote wakiwapo, ni 218. Theluthi mbili yao ni 290. Seneti ina maseneta 100, wawili kutoka kila jimbo. Wingi wa kawaida huko ni 51, au 50 pamoja na kura ya Makamu wa Rais, ambaye hupiga kura pale tu zinapolingana. Angalia hapo: msaidizi wa kwanza wa Rais anakalia kiti cha mbele cha Seneti, na siku ya sare kura yake ndiyo inayoamua. Sitini ndiyo idadi inayohitajika kufunga mjadala wa Seneti kwenye miswada mingi ya kawaida. Bila hiyo, walio wachache wanaweza kuuchelewesha muswada mpaka ufe. Uteuzi na baadhi ya mambo ya bajeti hayahitaji 60. Halafu 67, theluthi mbili ya Seneti, inatakiwa mahali patatu pakubwa: kuivunja kura ya turufu ya Rais (yaani kukataa kwake muswada uliopitishwa), kuridhia mkataba wa kimataifa, na kumtia hatiani kiongozi aliyeshtakiwa.

Tahadhari moja ambayo watu huisahau: theluthi mbili huhesabiwa kwa waliopiga kura, mradi akidi imetimia. Wabunge 429 wakipiga kura, namba unayoitafuta ni 286, wala si 290. Nitairudia namba hiyo hapa chini, kwa sababu kuna siku ilikuwa na maana kubwa sana.

Soma herufi kabla ya kichwa cha habari

Ingia congress.gov. Ni tovuti ya umma, ni ya bure, na huhitaji kujisajili. Kila hoja ina herufi na namba, na herufi hizo zitakueleza mengi kuliko mtangazaji.

H.R. na S. ni miswada ya kawaida, moja ya Wawakilishi na nyingine ya Seneti. H.J.Res. na S.J.Res. ni maazimio ya pamoja: yakipita pande zote mbili yanaenda mezani kwa Rais, naye anaweza kutia saini au kukataa (isipokuwa yale ya kupendekeza mabadiliko ya Katiba, ambayo Rais hana nafasi ndani yake). H.Con.Res. na S.Con.Res. hupitishwa na mabaraza yote mawili lakini hayaendi kwa Rais, na kwa sababu hiyo hayana nguvu ya sheria. H.Res. au S.Res. ni kauli ya baraza moja peke yake.

Ukishaona herufi, fungua sehemu ya mwenendo wa hoja. Utaona tarehe zote: lini iliwasilishwa, kamati gani iliipokea, kura ngapi za ndiyo na ngapi za hapana, lini ilipelekwa kwa Rais, na alifanya nini. Nimekaa na wanafunzi wangu tukiusoma ukurasa huo kwenye simu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, na mara nyingi ugomvi uliotangazwa wiki nzima unakuwa umekaa kwenye mistari saba au minane tu.

Hiyo tofauti ya J na Con inaonekana ndogo. Kilichoipa uzito wote ni kesi ya kijana mmoja mzaliwa wa Kenya, na naomba univumilie hapa, maana sijapata mfano bora zaidi wa kuonyesha jinsi mihimili hii inavyobanana.

Kijana wa Kenya aliyebadilisha mizani

Jagdish Rai Chadha alizaliwa Kenya, wazazi wake wakiwa na asili ya India, naye alikuwa na pasi ya Uingereza. Alikuja Marekani mwaka 1966 kwa viza ya mwanafunzi akasoma Bowling Green State University, ambacho kiko hapahapa Ohio. Viza yake ikaisha mwaka 1972. Mwaka uliofuata akaitwa aeleze kwa nini asifukuzwe nchini. Mwaka 1974 jaji wa uhamiaji akakubali kwamba kumfukuza kungemletea taabu kubwa mno, akasimamisha amri. Kwa maisha ya kawaida ya mhamiaji, hapo mtu angeshusha pumzi.

Lakini sheria ya wakati ule iliipa Kongresi kamba ya kuvutia nyuma. Serikali ilikuwa inapeleka majina ya waliosamehewa, na baraza lolote moja, peke yake, liliweza kupiga kura kufuta msamaha huo. Mwezi Desemba 1975 kamati ya Baraza la Wawakilishi ilipitia kesi 340, ikachomoa majina sita. Chadha alikuwamo. Azimio likapita bila mjadala na bila kura iliyorekodiwa jina kwa jina. Seneti haikuulizwa. Rais hakuulizwa.

Wanafunzi wangu, ambao karibu wote wamewahi kukaa wakisubiri barua ya uhamiaji, hunyamaza ninapofika hapo.

Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 23 Juni 1983 majaji saba dhidi ya wawili wakasema: kitendo cha kubadilisha haki za mtu kisheria ni kutunga sheria, na Katiba ina njia moja tu ya kutunga sheria. Lazima mabaraza yote mawili yapitishe, kisha Rais apelekewe. Baraza moja haliwezi kujifanyia peke yake. Chadha akabaki Marekani.

Ni haki, na mimi naifurahia kwa ajili yake. Ila fuata uamuzi huo mpaka mwisho. Kamba ile haikuwa kwenye sheria ya uhamiaji peke yake. Jaji White, aliyepinga, alieleza kwamba vifungu vya namna hiyo vilikuwa karibu 200. Kwa miaka mingi Kongresi ilikuwa imempa Rais madaraka makubwa kwa kujua kwamba inaweza kuyarudisha kwa wingi wa kawaida, bila saini yake. Kamba ikakatwa, madaraka yakabaki kwake. Kuanzia hapo Kongresi ikitaka kuyarudisha inabidi ipitishe sheria, Rais ataikataa, na mwisho watahitaji theluthi mbili. Namba imepanda kutoka 218 hadi 290, na kutoka 51 hadi 67.

Mgogoro mmoja, hatua kwa hatua

Sasa tuchukue mfano na tuutembee wote. Ukiuelewa huu, mingine mingi itafunguka yenyewe.

Mwisho wa mwaka 2018 Rais Trump alitaka dola bilioni 5.7 za kujenga ukuta mpakani na Mexico. Katiba inasema hakuna fedha itakayotoka hazina isipokuwa imetengwa na sheria, kwa hiyo ilimlazimu kuomba. Kongresi haikutoa. Yeye akakataa kutia saini bajeti isiyo na fedha hizo, na tangu tarehe 22 Desemba sehemu ya shughuli za serikali zikafungwa kwa siku 35. Hapo unaona vizuizi viwili vikisukumana uso kwa uso: mfuko ukiwa mkononi mwa Kongresi, saini ikiwa mkononi mwa Rais.

Februari 2019 Kongresi ikapitisha dola bilioni 1.375 kwa ajili ya vizuizi vya mpakani. Rais alitia saini, na siku hiyohiyo, tarehe 15 Februari, akatangaza hali ya dharura ya taifa. Kwa nini dharura? Kwa sababu zipo sheria, zilizotungwa na Kongresi yenyewe, zinazomruhusu Rais kuhamisha fedha fulani dharura ikitangazwa. Alilenga, pamoja na nyingine, dola bilioni 3.6 zilizotengwa kwa ujenzi wa kijeshi.

Hapa simama ujiulize swali ninalowaambia wanafunzi waliulize kila mara: Kongresi iliwahi kumpa Rais ruhusa hii? Jibu ni ndiyo. Sheria ya dharura ya mwaka 1976 ilimpa. Na sheria hiyo, ilipotungwa, ilisema Kongresi inaweza kuifuta dharura kwa azimio la aina ya Con, lisilohitaji saini. Baada ya kesi ya Chadha kifungu hicho kilirekebishwa mwaka 1985, na sasa linatakiwa azimio la pamoja, la aina ya J.

Azimio lilipewa namba H.J.Res. 46. Baraza la Wawakilishi likapiga kura tarehe 26 Februari: 245 kwa 182. Seneti ikapiga tarehe 14 Machi: 59 kwa 41, maseneta 12 wa chama cha Rais mwenyewe wakiungana na upinzani. Mabaraza yote mawili yalisema hapana, na kwa tofauti isiyo ndogo. Siku iliyofuata Rais akalipiga kura ya turufu, ya kwanza katika urais wake. Tarehe 26 Machi Wawakilishi wakajaribu kuivunja: 248 kwa 181. Jumlisha, ni 429. Theluthi mbili ni 286. Walipungukiwa kura 38.

Dharura ikaendelea. Ilifutwa tarehe 20 Januari 2021, siku Rais mwingine alipoapishwa.

Kwa sheria ilivyoandikwa mwaka 1976, kura zile za 245 na 59 zingetosha. Ndiyo maana nasema anza na namba. Aliyesikiliza hotuba mwaka ule alisikia kwamba Kongresi imemzuia Rais. Aliyehesabu alijua tangu Februari kwamba haijamzuia.

Kura ya turufu, na kimya cha siku kumi

Muswada ukifika mezani kwa Rais, ana siku kumi, Jumapili hazihesabiwi. Akitia saini ni sheria. Akiukataa anaurudisha ulikotoka pamoja na sababu zake. Asipofanya lolote na Kongresi ikiwa bado inakutana, unakuwa sheria bila saini. Asipofanya lolote na Kongresi ikawa imeahirisha vikao kiasi kwamba hana wa kumrudishia, muswada unakufa kimyakimya, na hauwezi kufufuliwa kwa theluthi mbili. Basi ukiona muswada umepitishwa karibu na likizo ya mwisho wa mwaka, chukua kalenda.

Rais hawezi kuchagua mistari anayoipenda na kufuta mingine. Kongresi ilijaribu kumpa uwezo huo kwa sheria ya mwaka 1996, na Mahakama ya Juu ikaifuta mwaka 1998. Ama anaumeza wote ama anautema wote, na ndiyo sababu wabunge hubandika jambo asilolitaka kwenye muswada anaouhitaji.

Kuivunja turufu ni nadra. Franklin Roosevelt alikataa miswada 635, na ni mara 9 tu Kongresi iliweza kumshinda. Lakini inawezekana. Septemba 2016 Rais Obama alikataa muswada ulioziruhusu familia za waliouawa katika mashambulizi ya tarehe 11 Septemba 2001 kuishtaki Saudi Arabia. Seneti ikaivunja turufu yake kwa 97 kwa 1, Wawakilishi kwa 348 kwa 77. Ukitaka kujua mapema kama turufu itasimama, angalia kura ya mwanzo: wabunge wangapi wa chama cha Rais walivuka? Wakiwa wachache, kazi imekwisha kabla haijaanza. Angalia pia tamko linalotolewa na ofisi ya bajeti ya Ikulu kabla ya kura. Huko ndiko Rais husema wazi kama ataukataa muswada, na mara nyingi onyo hilo peke yake hutosha kuubadilisha.

Fedha zikishatengwa

Watu hudhani Kongresi ikishatenga fedha mambo yamekwisha. Rais anaweza kukaa juu ya fedha bila kuzitumia. Rais Nixon alifanya hivyo kwa mabilioni, na Kongresi ikajibu kwa sheria ya mwaka 1974: Rais akitaka kufuta matumizi yaliyotengwa, aombe. Anaruhusiwa kuzuia fedha kwa siku 45 za vikao wakati ombi linasubiri, na Kongresi isipokubali ndani ya muda huo, lazima zitolewe.

Mwaka 2025 ulitupa mifano miwili inayofaa kuwekwa bega kwa bega. Kiangazi kile Rais Trump aliomba kufuta takriban dola bilioni 9, nyingi zikiwa za misaada ya nje na utangazaji wa umma. Kongresi ikakubali: Seneti 51 kwa 48, Wawakilishi 216 kwa 213. Upende usipende, njia ilifuatwa na majina ya waliokubali yameandikwa. Mwishoni mwa Agosti likaja ombi jingine, la dola bilioni 4.9 za misaada ya nje. Sasa hesabu siku. Mwaka wa fedha wa Marekani huisha tarehe 30 Septemba, na fedha ambazo muda wake wa matumizi umekwisha haziwezi tena kupangiwa kazi. Kutoka mwisho wa Agosti hadi mwisho wa Septemba hakuna siku 45. Maana yake, Kongresi ikinyamaza, saa inalifanya lile ambalo kura hazikulifanya. Kesi ilifunguliwa, na mwisho wa Septemba Mahakama ya Juu ikaruhusu sehemu kubwa ya fedha hizo ziendelee kuzuiwa wakati shauri likisubiri.

Mimi sipendi njia hii, na darasani sikulificha hilo. Kura ya hapana ina mwenyewe. Unaweza kumwandikia, unaweza kumnyima kura. Kalenda haina wa kumwandikia.

Amri ya Rais ikitoka

Habari ikiwa ni amri ya Rais badala ya muswada, tumia kipimo alichokiacha Jaji Robert Jackson wa Mahakama ya Juu. Aprili 1952, wakati wa vita vya Korea, Rais Truman alivitwaa viwanda vya chuma kwa sababu wafanyakazi walikuwa karibu kugoma. Tarehe 2 Juni mahakama ikamkatalia, sita kwa tatu. Jackson, katika maoni yake, alisema nguvu ya Rais inakuwa kubwa kabisa pale Kongresi ilipomruhusu, inakuwa kwenye utusitusi pale Kongresi iliponyamaza, na inakuwa ndogo kabisa pale anapokwenda kinyume na ilichokwisha kuamua. Truman aliangukia hapo pa tatu, kwa kuwa miaka mitano nyuma Kongresi ilikuwa imelifikiria wazo la kutwaa viwanda na kulikataa. Kwa hiyo ukisoma amri yoyote, nenda kwenye aya za mwanzo, tafuta sheria inayotajwa kama msingi. Amri inayosimama juu ya sheria iliyotajwa kwa jina ni ngumu kuiangusha. Inayotaja "mamlaka yangu kama Rais" na basi, itazame vizuri.

Watu

Hapa sitakaa sana. Mawaziri, mabalozi na majaji wa shirikisho wanahitaji kuidhinishwa na Seneti kwa wingi wa kawaida. Mteule kukataliwa ukumbini ni nadra, John Tower, aliyeteuliwa kuwa waziri wa ulinzi mwaka 1989, akiwa mmoja wao, 47 kwa 53. Wengi hujiondoa kimya baada ya kuhesabiwa kura. Kitu cha kufuatilia ni likizo za Seneti, kwa kuwa Rais anaweza kujaza nafasi Seneti ikiwa mapumzikoni. Ili kumzuia, Seneti huitisha vikao vya sekunde chache kila baada ya siku chache: seneta mmoja anaingia, anagonga nyundo, anafungua na kufunga, anaondoka. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba vikao hivyo ni vikao halali.

Kumshtaki Rais kunahitaji wingi wa kawaida wa Wawakilishi. Kumwondoa kunahitaji theluthi mbili ya Seneti. Andrew Johnson mwaka 1868 aliponea kwa kura moja: 35 walisema ana hatia, 19 walikataa, na 36 ndizo zilizotakiwa. Februari 2021 kura za kumtia Trump hatiani zilikuwa 57, zikapungua kumi. Hakuna Rais aliyewahi kuondolewa kwa kura hiyo. Nixon alijiuzulu Agosti 1974 baada ya viongozi wa chama chake kumwendea na kumweleza kwamba kura za kumlinda hazipo. Hata pale, kilichomtoa ni hesabu.

Karatasi na jeshi

Nilipokuwa nimeshayaweka haya sawa, nilimrudia mzee wangu. Nikamwambia, baba, leo nataka ujibu swali lako mwenyewe. Nikampa kazi moja: sheria ya madaraka ya vita ya mwaka 1973. Inamtaka Rais kuijulisha Kongresi ndani ya saa 48 anapopeleka wanajeshi kwenye mapigano, na kuwaondoa ndani ya siku 60, na nyongeza ya 30 kwa ajili ya kuwatoa salama, kama Kongresi haikuruhusu vita. Nixon aliukataa muswada huo. Tarehe 7 Novemba 1973 Kongresi ikapiga kura tena. Wawakilishi 284 kwa 135. Seneti 75 kwa 18.

Nikampa na ya pili. Mwaka 2019 Kongresi ilipitisha azimio la kuitoa Marekani kwenye vita vya Yemen, S.J.Res. 7. Angalia herufi. Rais akalikataa mwezi Aprili, na tarehe 2 Mei Seneti ikajaribu kuivunja turufu: 53 kwa 45.

Alifungua lile daftari la hesabu. Aliwahi kuuza samaki miaka mingi, na mkono wake hauhitaji kikokotoo. Aliandika 284, chini yake 135, akapiga mstari: 419. Akagawa kwa tatu, akazidisha mara mbili, akapandisha sehemu iliyobaki: 280. Akaenda kwenye Seneti, 93, inatakiwa 62, wamepata 75. Kisha Yemen: 98, inatakiwa 66, wamepata 53. Akalizungushia duara lile la kwanza.

"Hawa walizidi kwa nne," akasema. "Na wale wa Yemen walikosa kumi na tatu."

Nikamwuliza, basi karatasi inamzuiaje mwenye jeshi?

Akaitazama ile 280 kwa muda. "Mwalimu, mbunge wa hapa kwetu, ile siku ya Machi, ya ukuta, alipiga ipi?"

Tukafungua simu, tukaandika H.J.Res. 46, tukashuka na kidole mpaka kwenye majina.